Adabu za Mwanafunzi Ndani ya Gari la Wagonjwa



Naomba nafasi katika kurasa za gazeti letu nipate kusema neno juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana hapa Mpanda tangu mvua zilizopita, barazani na ofisini, wala sijaona mtu aliyeliandika. Jambo lenyewe ni hawa vijana wanaojifunza uuguzi na utabibu, ambao wakiwa katika mazoezi yao ya hospitali hupandishwa katika gari la wagonjwa pamoja na muuguzi, ili waone jinsi mgonjwa wa rufaa anavyosindikizwa. Wako wasemao waendelee kupanda, na wako wasemao washushwe wote. Mimi ni miongoni mwa wale wasemao waendelee, walakini kwa masharti ambayo nadhani baadhi ya wanafunzi hawatayapenda, na baadhi ya wakubwa wao pia.

Najua nitaulizwa, karani ana habari gani za gari la wagonjwa? Hajui kupima presha, hajui kuchoma sindano. Ni kweli. Lakini kila safari ya usiku hufika mezani kwangu asubuhi, katika sura ya karatasi. Naliona jina la mgonjwa, kijiji chake, saa aliyoondoka, saa aliyofika, na mwandiko wa yule aliyemsindikiza. Nimezisoma karatasi hizo miaka kumi na moja sasa, na karatasi haifichi tabia ya mtu aliyeshika kalamu. Tena ninayo sababu nyingine, ya nyumbani kwetu, ambayo nitaieleza mbele kidogo.

Wenzetu wa mikoa mingine yafaa wakumbuke nchi yetu ilivyo. Mkoa wa Katavi ulikatwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Hesabu ya watu ya mwaka huo ilikuta watu 564,604, na hesabu ya mwaka 2022 ikakuta 1,152,958. Watu wamezidi maradufu katika miaka kumi, lakini njia hazikufupika. Kutoka Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, hata Mpanda ni zaidi ya kilomita 100. Mgonjwa wa Mpimbwe akiletwa mjini hupita Kibaoni na Sitalike, na katikati yake ni hifadhi ya Katavi, ambamo kiboko au nyati akiamua kusimama barabarani usiku hakuna king'ora kitakachomwondoa. Wa Mishamo wana safari yao, na wa Inyonga yao. Basi gari la wagonjwa kwetu si chombo cha kutoka mtaa huu hata mtaa ule. Ni wodi inayotembea kwa saa nyingi, yenye kitanda kimoja na mlango uliofungwa. Damu hutoka mle, watoto huzaliwa mle, na wengine hufia mle kabla hawajamwona daktari.

Mwaka 2022 Serikali ilikubaliana na washiriki wake kuutandaza nchi nzima ule mpango wa m-mama, ambao ulikuwa umejaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga. Mwenye mjamzito, au mwenye mtoto mchanga aliye taabani, hupiga simu namba 115 bila malipo. Mratibu huuliza dalili, kisha hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Na kama halipo, humwita dereva wa kijijini aliyeandikishwa, naye hulipwa nauli yake kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Ni jambo jema sana, na sitaki mtu aseme kwamba nalilaumu. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo vya uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Uchunguzi wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Sababu za kupungua huko ni nyingi, na safari ya haraka ni mojawapo.

Lakini mpango wote huo umesimama juu ya kitu kimoja kisichonunuliwa kwa fedha za bajeti, nacho ni radhi ya mwanamke kupanda. Gari laweza kuwa jipya, dereva macho, na mafuta tele. Yeye akikataa kupanda, au akichelewa saa nne huku akifikiri apande au asipande, gari hilo ni bati tu. Basi kinachomfanya asite ni nini? Zamani tulikuwa tukijibu kwamba ni ujinga wa watu wa shamba. Mimi naona siku hizi yafaa tutazame na upande wetu.

Nije sasa katika ile habari ya nyumbani. Mdogo wangu wa kike ameolewa upande wa Mpimbwe. Alijifungua katika kituo fulani, kisha damu haikukatika, ikaamriwa aletwe mbele. Nilisema fulani, nami nitabaki hapo hapo, maana sikusudii kushitaki mtu katika gazeti. Katika gari walikuwamo muuguzi mmoja, mama mkwe wake, na mwanafunzi wa kiume wa miaka ishirini hivi. Muuguzi alifanya kazi yake vema, na mdogo wangu yu hai kwa sababu yake. Yule kijana alikaa karibu na miguu ya mgonjwa, wala hakusema jina lake wala kazi yake. Mahali fulani njiani akatoa simu akapiga picha. Mama mkwe alidhani anamulika tochi. Siku nne baadaye, mdogo wangu angali kitandani wodini, shemeji yake aliyeko kijijini alionyeshwa picha hiyo na mtu wa gulio: miguu, kanga iliyolowa damu, na uso nusu. Haikuandikwa jina, lakini je, kijijini mtu hatambuliwi kwa kanga yake? Yule kijana, tulivyosikia, aliipeleka kwa wenzake wa darasani kuwaonyesha jinsi damu ya uzazi ilivyo nyingi. Huenda hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa akijifunza.

Mdogo wangu alirudi kwake akakaa ndani majuma mengi, asiende hata kisimani. Hayo ni ya familia yetu, na yangeishia hapo. Lakini mwaka uliofuata jirani yake alishikwa na uchungu usiku, mtoto amekaa vibaya. Wakamwambia wapige 115. Akasema hataki kwenda kuwa picha katika simu za watu. Walimbembeleza hata alfajiri ndipo akakubali. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Wenzangu, nimeandika hayo kwa mkono mzito, na sisemi kwamba picha ile peke yake ndiyo iliyomwua mtoto. Mtoto aliyekaa vibaya tumboni aweza kufa hata mama akiondoka mapema. Nasema tu kwamba saa zile za kubembelezana zilikuwa na chanzo, na chanzo chake kilikuwa ndani ya gari letu.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa mwanafunzi ni hili: kilichoonekana garini kibaki garini. Simu yako izimwe, au iwe ndani ya mfuko uliofungwa, ila muuguzi akikuomba mwanga. Asiseme mtu kwamba alificha uso katika picha, au kwamba aliipeleka kwa watu watatu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 ikaanza kutumika mwaka 2023, nayo huzihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Lakini mimi sipendi kumtisha kijana kwa sheria kabla sijamwambia la uungwana. Mtu aliyelala pale hakuja kukufundisha. Ametolewa nyumbani kwake katika saa iliyo mbaya kuliko zote za maisha yake, wala hana mahali pa kujificha. Wewe ni mgeni uliyekuta mlango wa chumba chake u wazi. Na maneno ya mdomo ni yale yale. Kumsimulia mwenzako bwenini, "leo tumemleta mama mmoja wa mahali fulani," hakuna tofauti na picha, maana mwenzako huyo naye ana shangazi mahali fulani.

Ajitambulishe. Ni maneno machache: "Shikamoo mama, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, naomba ruhusa nimsaidie Sista." Mgonjwa akisema hapana, asikasirike, wala asitafute kumshinda kwa hoja, akae mbele kwa dereva. Nimesikia mwalimu mmoja akisema kwamba katika dharura hakuna nafasi ya kuomba ruhusa. Iko. Neno hilo halichukui muda wa kuvaa glavu. Mgonjwa aliyezimia hawezi kujibu, lakini ndugu yake yupo.

Tena akumbuke lugha na desturi. Mkoa wetu una Wapimbwe, Wabende, Wakonongo na Wafipa, una wafugaji Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, una wale waliotoka Burundi mwaka 1972 na wajukuu wao, wa Katumba na Mishamo. Yuko bibi ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, naye akiwa na maumivu hata hicho humtoka. Mwanafunzi anayempigia kelele ili amwelewe amekosa njia. Na mwanafunzi wa kiume ajue kwamba mbele ya mama mkwe yako mambo ambayo mkwe haruhusiwi kuyaona, na mgonjwa huteseka kwa hayo kuliko kwa uchungu wenyewe. Shika kanga, funika, geuza uso mpaka uitwe. Hayo hayamo katika vitabu vya darasani, lakini mama yake alimfundisha, kama alisikiliza.

Sasa nifike mahali ambapo najua nitapingwa. Viti vya nyuma ya gari ni vichache. Mara nyingine nafasi iliyobaki ni moja, nao wako wawili: mwanafunzi na ndugu wa mgonjwa. Nani apande? Rafiki yangu mmoja, muuguzi mzoefu ambaye namheshimu sana, hushikilia kwamba apande mwanafunzi, kwa kuwa ni mikono ya ziada: atashika dripu, ataangalia mapigo ya moyo, na huyo ndugu atalia tu na kuuliza maswali. Hoja yake ina nguvu, wala siwezi kuikana. Kusafiri na mgonjwa anayetoka damu kwa mikono miwili peke yake ni kazi ya kutisha. Walakini mimi nasema apande ndugu. Mgonjwa akifika Mpanda akahitaji damu, ndugu aweza kujitolea palepale. Akihitaji kupasuliwa naye hajitambui, ndugu ndiye wa kuulizwa. Akifa, ndugu ndiye wa kupelekea habari nyumbani kwamba alihudumiwa, nasi tutaaminiwa. Na akiwa hai, basi katika saa zote zile giza nene alikuwa ameshikwa mkono na mtu wake. Mwanafunzi atapata gari jingine kesho. Ikiwa muuguzi hawezi kwenda bila msaidizi, basi zamu ipangiwe wauguzi wawili. Pengo la wafanyakazi lisizibwe kwa mwanafunzi kisha likaitwa mafunzo. Hili nawaambia wakubwa, si vijana.

Nimesema mengi ya ubaya. Haki yataka niseme na ya uzuri. Mwezi fulani wa masika karatasi moja ilifika mezani kwangu, nami niliisoma mara mbili kwa furaha tu. Mgonjwa alikuwa mama aliyetokwa damu baada ya kuzaa. Karatasi za safari aghalabu huwa na mistari miwili: "ameondoka", "amefika", na katikati ni nyika. Hii ilikuwa na mapigo ya moyo, presha na pumzi kila robo saa, saa nane na robo, saa nane na nusu, moja kwa moja hata mwisho. Iliandikwa dripu ya pili ilianzishwa lini, kanga ngapi zimelowa, na kwamba saa tisa na dakika kumi gari lilisimama kwa sababu ya wanyama barabarani, likaondoka baada ya dakika kumi na nne. Nikauliza mwandiko huu ni wa nani. Nikaambiwa ni wa mwanafunzi wa kike wa mwaka wa pili, ambaye safari ile ndugu wa mgonjwa alikaa mbele kwa hiari yake. Alikuwa amebandika plasta nyeupe juu ya paja la suruali yake, akawa anaandika saa na hesabu juu yake kwa kalamu ya wino, kwa kuwa karatasi haiandikiki gari likirukaruka. Alipofika akainakili yote kabla hajanywa maji. Sista aliyekuwa naye alisimulia kwamba mkono mmoja wa binti huyo ulikuwa ukilikanda tumbo la uzazi kama alivyofundishwa, na mkono wa pili ukiandika. Wala hakuuliza hata mara moja, "tutafika lini?"

Makarani mtanielewa. Daktari anayempokea mgonjwa hakuwapo njiani. Presha iliyokuwa nzuri saa nane na mbaya saa tisa ni habari kubwa kuliko presha mbaya pekee, kwa kuwa humwonyesha ugonjwa unakwenda wapi na kwa mbio gani. Bila karatasi, daktari huanza upya. Basi kazi ya kwanza ya mwanafunzi asiyejua bado mengi ya tiba ni kazi yetu sisi: kutazama saa na kuandika kweli. Ambacho hakupima asikibuni. Nimewahi kuona presha ile ile imeandikwa mara tano mfululizo bila kupungua wala kuzidi hata namba moja. Mwili wa binadamu haufanyi hivyo, na karani ajua harufu ya hesabu iliyopikwa.

Katika mambo ya tiba sina la kusema, ila lile ninalolisikia kwa waganga wenyewe: mwanafunzi asifanye asilofundishwa, wala lile alilofundishwa asilifanye bila jicho la mkubwa wake. Kumlaza mjamzito kwa ubavu wa kushoto, kumweka mtoto mchanga kifuani pa mama ngozi kwa ngozi na kumfunika, kumgeuza ubavu mwenye kifafa cha mimba bila kumtia kijiko kinywani, hayo mwenye akili hujifunza upesi. Kuchoma dawa ni jambo jingine. Lakini adabu isigeuke kuwa ububu. Mwanafunzi akiona mtungi wa oksijeni mshale wake umelala chini kabla hawajaondoka, akinyamaza kwa kumwogopa Sista, huyo hana adabu, ana woga. Aseme kwa upole, "Sista, naomba uutazame mtungi." Sista mwenye busara atashukuru. Asiye na busara atafoka, lakini mtungi utakuwa umebadilishwa.

Juu ya dereva nitasema kwa kifupi, ijapokuwa angestahili makala yake. Barabarani yeye ndiye nahodha. Mwanafunzi asimwambie aongeze mwendo, wala asimwambie apunguze, ila kwa neno la muuguzi. Afunge mkanda kila anapoweza. Na asimwite "dereva, dereva" kama mtu aitaye gari la kukodi. Wengi wao ni watu wazima waliovuka matope ya Katuma kabla kijana huyu hajazaliwa. Shikamoo haigharimu kitu.

Tena asipokee chochote kutoka kwa ndugu wa mgonjwa, hata soda. Achukue maji yake na mkate wake kutoka bwenini.

Kisha iko habari ya ndoo, nayo kwangu ni kipimo kikubwa. Mgonjwa akishapokelewa, gari hubaki na damu sakafuni, pamba, glavu na matapishi. Hapo ndipo utakapomwona msomi wetu akitazama simu yake chini ya mwembe, huku dereva na mhudumu wakisugua peke yao. Sisi tuliosoma skuli za misioni tulifagia mabweni na kuchota maji kwa zamu, na wengi wetu tulichukia. Leo nawashukuru walionilazimisha. Kijana aliyeketi karibu na damu ile kwa ajili ya kujifunza, yampasa aioshe kwa klorini, akivaa glavu nene, sindano akizitia katika kisanduku chake, na machela akiipangusa hata magurudumu. Gari lile laweza kuitwa tena baada ya nusu saa. Mgonjwa wa pili hana kosa.

Katika mkoa huu huu tunao mfano ambao wanafunzi wengi hawaujui, na lawama ni yetu tusiowasimulia. Pale Karema alifanya kazi Adrien Atiman. Alizaliwa pande za mto Niger, akachukuliwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Aljeria, akapelekwa Malta kusomea udaktari. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu wa mwambao ule hata alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: ni miaka 67. Alikuja mgeni, hajui lugha ya Wabende, naye akaoa kwao akazikwa kwao. Mimi sikumwona, wala sitaki kumtia maneno kinywani. Lakini najiuliza: mtu awezaje kuingia nyumba za watu wa nchi moja kwa miaka 67, usiku na mchana, akiona miili yao na aibu zao, nao wakazidi kumwita, kama kinywa chake kilikuwa kikivuja? Cheti cha Malta kilimleta Karema. Nionavyo mimi, kilichomweka pale muda wote huo ni kitu kingine.

Na huko Marekani, katika mji wa Pittsburgh, mwaka 1967 ilianzishwa huduma ya magari ya wagonjwa iliyoitwa Freedom House. Kabla yake mgonjwa wa mtaa wa watu weusi alibebwa na gari la polisi, akatupwa nyuma bila tiba njiani. Wakachukuliwa vijana wa mtaa ule ule, wengi hawakuwa na kazi, wakafundishwa na daktari Peter Safar, wakawa miongoni mwa watu wa kwanza nchini mwao kutoa tiba ya kweli garini. Baadaye daktari Nancy Caroline aliwasimamia, naye hakuwafundisha darasani peke yake. Alipanda nao magari. Huduma ile ilifungwa mwaka 1975, kwa mambo ya siasa ya mji ambayo ni marefu. Ninalolichukua mimi ni hili, kwamba wale walikuwa wanafunzi nao, tena wanafunzi waliodharauliwa, na waliomsindikiza mgonjwa walikuwa watu wa mtaa wake. Hao wasemao wanafunzi wetu washushwe wote wafikiri juu ya hilo. Muuguzi wa kesho wa Majimoto au Ikola atajifunza wapi kukaa na mgonjwa kilomita 100 za giza, kama si garini? Tukimshusha leo, siku atakayopewa gari peke yake ndiyo itakayokuwa siku yake ya kwanza.

Nasi makarani tusijitoe katika lawama. Fomu ya rufaa ina jina, kijiji, umri na ugonjwa, nayo hulala mezani petu uso juu, mbele ya kila ajaye kuuliza mshahara. Nimemwona mwenzetu mmoja akiisoma kwa sauti ili kumchekesha mgeni wake. Mwanafunzi anayepita pale akaona hayo, tutamwambia nini juu ya simu yake? Tangu habari ya mdogo wangu mimi huzigeuza fomu kifudifudi na kuzifungia kabatini kabla ya chai ya saa nne. Ni jambo dogo, wala halikuhitaji waraka.

Naleta shauri mbele ya chama, kwamba tuwaombe wakubwa wa afya wa mkoa waweke ukurasa mmoja katika daftari la zamu la kila gari, wenye masharti machache kwa Kiswahili chepesi: ruhusa ya mgonjwa, simu kufungwa, kiti kwanza kwa ndugu, saa kuandikwa, gari kuoshwa. Mwanafunzi atie sahihi kabla hajapanda, na muuguzi atie sahihi baada ya kurudi. Gharama yake ni wino. Wako watakaosema kwamba karatasi haibadilishi moyo wa mtu, na hao huenda wana haki. Lakini nimeona pia kwamba mtu aliyetia sahihi huona haya kusema hakujua.

Mdogo wangu ni mjamzito tena, na siku zake zitatimia kabla ya mavuno. Juma lililopita alinipigia simu akaniuliza kama ile namba ni ile ile. Nikamwambia ndiyo, ni 115. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza ni nani watakaokuwamo garini. Nilimjibu kwamba sijui, ila nitauliza.

Nakala ya shauri hilo nimeiacha kwa katibu. Wanachama wanaotaka kuongeza au kupunguza neno waandike pembeni, watie na majina yao, kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Karani wa Rufaa, Mpanda